Harusi Iliyokosekana Kwenye Muvi

Mimi ni mmoja wa watu wachache hapa Kariakoo waliowahi kuvaa sare kwenda kwenye harusi ya watu wa kitabuni. Tulikuwa kumi na tisa. Pilau ilipikwa, kachumbari ilikatwa. Bibi harusi hakutokea. Bwana harusi tulimwona, lakini kwenye televisheni, na alikuwa analia. Kosa lilikuwa langu, na nimeamua kulieleza lote mwenyewe kwa sababu mtaani wanalieleza vibaya.

Nauza kanga na vitenge kwenye duka la Bibi. Namwita Bibi, ingawa si bibi yangu wa kuzaliwa. Babu zake walitoka Arabuni, wa kwetu wametoka Lindi, na tumekutana katikati, kwenye kaunta. Nilimaliza kidato cha nne na cheti ambacho Kiswahili peke yake ndicho kimesimama, masomo mengine yote yamelala chali. Bibi hakuuliza cheti. Aliuliza kama naweza kusoma kwa sauti, maana macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Kitambaa alikijua kwa kukipapasa, lakini jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa pale chini, ilibidi mtu amsomee.

Saa nane mchana duka letu hupoa. Wateja wanakwenda kula, jua linakaa mlangoni kama mdai, na Bibi anashushiwa kahawa yake kutoka juu, maana anaishi ghorofa ya pili ya jengo hilohilo. Siku moja nikamsomea kitabu nilichokiokota kwa muuza vitabu chakavu wa pale barabarani. Jina lake silitaji, aliyekisoma atakijua. Kinahusu fundi cherehani wa Ilala anayempenda nesi mmoja mteja wake. Hamwambii. Miaka inapita, hamwambii. Anachofanya ni kwamba kila gauni analomshonea anamwekea mfuko mdogo kwa ndani, ubavuni, mfuko ambao haukuagizwa. Nesi anaweka humo nauli yake na anadhani magauni yote duniani yana mfuko huo. Halafu siku moja ananunua gauni la dukani, anapenyeza mkono kutafuta mfuko, haupo. Anasimama katikati ya wodi mkono uko ndani ya gauni. Hapo ndipo anaanza kuelewa.

Siku tuliyofika kwenye ukurasa huo mteja alikuwa amesimama anataka doti tatu, na hakuna aliyemhudumia. Na yeye hakulalamika. Aliuliza tu, "Ehe, akafanyaje?"

Tulikisoma miezi mingi, kurasa chache kila mchana. Mwishoni mvua inanyesha, Jangwani imejaa maji, fundi amesimama na mwavuli, nesi anavuka maji yakimfika magotini mpaka anasimama mbele yake. Nikasoma: "Akafungua kinywa chake, akasema." Nikafungua ukurasa. Nikakutana na gamba la nyuma.

Kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofolewa. Muuza vitabu nilipomfuata baadaye aliniambia zimefungia karanga, na kwamba karanga zenyewe zilikuwa nzuri.

Lakini hayo baadaye. Saa ile Bibi alikuwa ameshika kikombe, hajakinywa, uso ameuelekeza kwangu na yale macho yenye ukungu. Ningemwambiaje mtu aliyengoja miezi yote hiyo kwamba kitabu kimeliwa na karanga? Nikalikazia macho gamba la kitabu, nikaendelea kusoma. "Akasema: mbona umechelewa hivi?"

Bibi akashusha pumzi. Akanywa kahawa.

Ningeishia hapo ingekuwa salama. Tatizo nina moyo laini na mdomo mrefu. Bibi akauliza, "Harusi je?" Nikageuza ukurasa ambao haupo, nikasoma harusi. Nilisoma mchana ule, na kesho yake, na keshokutwa. Nikaweka pilau, nikaweka ngoma, nikaweka kila kitu ambacho ningetaka kwenye harusi yangu. Na siku ya tatu, nilipoishiwa, nikamleta mjomba. Mjomba anatoka Kilwa na zawadi ya godoro kichwani, anateleza, anatumbukia mtaroni yeye na godoro lake. Anaingia ukumbini maji yanamchuruzika, anawaambia maharusi: "Godoro limelowa, nia yangu kavu."

Bibi alicheka mpaka akaomba maji.

Tangu hapo hakutaka tena kusomewa mwanzo. Alitaka harusi tu, karibu kila wiki, na mimi ikabidi niikumbuke. Ilibidi ninunue daftari niandike nilichosema, kwa sababu Bibi haoni lakini hasahau. Mara moja nilimleta bibi harusi na Noah nyeupe, akanikatiza, akasema wiki iliyopita alikuja na bajaji. Nikamjibu kwamba Noah iliharibika njiani akahamia bajaji, kitabu kimeeleza ila niliruka mstari. Akaniambia nisiwe naruka mistari.

Yale maneno ya mjomba akayafanya ya kwake. Mteja akivutana naye sana, Bibi anamwambia godoro limelowa, nia yangu kavu, na mteja anabaki anatafakari. Mambo yangeweza kwenda hivyo hadi mwisho wa dunia. Lakini vikatokea vitu viwili mwezi mmoja.

Cha kwanza, wanawe walimpeleka Bibi kufanyiwa upasuaji wa macho. Alirudi na miwani mpya, akasimama mlangoni kwake akaitazama Kariakoo kama mtu aliyekabidhiwa upya. Akanitazama na mimi. "Kumbe mfupi hivi," akasema. "Sauti yako ndefu."

Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Na palepale nikachukua kile kitabu nikakifukia katikati ya robota la vitenge. Alipokiulizia nikasema kimeazimwa. Na nani? Na dada mmoja wa Ilala. Anafanya kazi gani? Nesi. Nikajisikia mwenyewe ninavyoongea, nikatamani kujiziba mdomo.

Cha pili, jirani yetu anayeuza mabegi, kaka mmoja ambaye habari zote za mjini humfikia yeye kwanza, akaja na simu yake kutuonyesha picha. Kile kitabu kimetolewa muvi. Fundi, nesi, mwavuli, vyote. Akasema anaye mtu wa kumwekea kwenye flashi, mwezi ujao inakuwa tayari.

Bibi akamwambia, "We kijana, Mungu akuzidishie." Halafu akasema kwamba harusi ile ameihudhuria kwa masikio muda mrefu, sasa atakwenda kuihudhuria kwa macho, na hatakwenda peke yake. Flashi ikishafika, Jumapili mchana, kwake juu, watu wote wa mstari wetu wa maduka. Mama lishe wa pale kwenye kona atapika pilau. Na kwa kuwa ni harusi, kutakuwa na sare.

Hapa naomba mtu asiyejua biashara yetu anielewe. Majina ya kanga hayashuki kutoka mbinguni. Wenye maduka wenyewe huyatunga au huyaokota, wanayaandika kwenye karatasi, wanampa wakala, wakala anapeleka kiwandani, yanarudi yamechapwa kwenye robota zima. Bibi alikuwa ameshampa wakala karatasi. Nilipogundua nilimfuata nyuma ya kaunta, nikaanza, "Bibi, kuhusu lile godoro."

"Usiniharibie," akasema. "Nimeshaagiza."

Kanga zilikuja nyekundu na nyeupe, zina miavuli kwenye pembe nne, na chini kwa herufi kubwa: GODORO LIMELOWA NIA YANGU KAVU. Bibi alizisoma mwenyewe, kwa macho yake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Alipitisha kidole chini ya kila neno. Nilikwenda stoo nikakaa juu ya robota nikala kucha. Nilichoogopa si kufukuzwa, kazi zipo. Niliogopa Bibi asije kuniamini tena hata nikimwambia kanga hii ni ya bluu. Mtu uliyekuwa macho yake, halafu apate macho, agundue ulikuwa unamwonyesha vitu visivyokuwepo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki nzima.

Jumapili ikafika. Wanawake wamejifunga sare, wanaume wamejitanda mabegani, na kaka wa mabegi, ambaye hana kiasi, kajifunga zote mbili. Sebule ya Bibi ikanukia pilau na udi. Flashi ikachomekwa.

Sasa niseme ukweli kuhusu ile muvi, kwa sababu watu huniuliza kipi ni kizuri, na mimi nimekisoma kitabu mara nyingi kuliko aliyekiandika. Fundi wa kitabuni ana cherehani ya miguu na kibaraza kinachovuja. Fundi wa kwenye muvi ana ofisi yenye kiyoyozi na nyumba ya ghorofa, na dakika nyingi sana zinatumika kuonyesha mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mlinzi anafunga geti. Kisha fundi anakumbuka kitu alichosahau, na mlinzi anafungua geti. Mama lishe alisema huyo mlinzi ndiye mwenye muvi, hao wengine wamealikwa. Nesi analala amepaka rangi ya mdomo na kope za bandia kama vifagio, anaamka hajaharibika hata kidogo. Bibi alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akauliza kama ni macho yake ndiyo hayajapona.

Lakini mfuko. Mfuko haukuwemo kabisa. Badala yake fundi anampa nesi simu mpya kwenye boksi lenye utepe. Nilisikia chumba kizima kinaguna. Mimi naona kitabu kinaweza kukaa kimya na wewe ukasikia, ila muvi hii ilikuwa haiwezi kunyamaza. Kila fundi akitaka kuwaza, kinanda kinaanza, na anawaza kwa sauti. Yule wa kitabuni alisema mapenzi yake yote kwa sindano, huyu kayasema ndani ya gari, mara nne, na bado sikumwamini.

Nitoe haki lakini. Ile mvua ya Jangwani ilikuwa ya kweli. Maji yalikuwa yale yale ya kahawia tunayoyajua, yana ndala na chupa zinaelea, na yule mwigizaji akashika mwavuli vibaya, upande mmoja ukamlowesha. Hapo nililia. Nilisahau hata kuogopa. Nesi akavuka, akasimama mbele yake, akafungua kinywa. Watu kumi na tisa tukaegemea mbele.

Nesi akasema, "Nimeshaposwa."

Akageuka, akaondoka, fundi akabaki analia. Mwavuli ukachukuliwa na maji. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Nje muuza maji alipita na kengele yake, ikasikika mpaka alipokata kona. Kisha mama lishe akauliza, taratibu, "Sasa hii pilau ni ya nini?"

Kaka wa mabegi akasema labda harusi iko sehemu ya pili. Akaenda kuikagua flashi. Akarudi na habari kwamba kilichobaki humo ni katuni. Mwingine akauliza mjomba yuko wapi. Hapo kila mtu akatazama kanga ya mwenzake, halafu wakamtazama Bibi, na Bibi akanitazama mimi.

"Zima," akasema. Ikazimwa. "Haya. Wewe ndiye msomaji. Kitabu kinasemaje?"

Ningeweza kusema muvi imeharibu, na kila mtu angeniamini, kwa sababu muvi huharibu na geti walikuwa wameliona wenyewe. Jibu hilo lilikuwa mdomoni tayari. Lakini Bibi alikuwa amevaa ile miwani, macho yake yameoshwa, yananiona vizuri kabisa, na sikuweza.

"Bibi, kitabu hakisemi kitu," nikasema. "Kimeishia kwenye maji. Kurasa zilinyofoka."

"Na lile la mbona umechelewa hivi?"

"Niliisema mimi."

"Na bajaji?"

"Mimi."

Nilijua anaogopa kuuliza linalofuata, na mimi niliogopa kulijibu. "Na mjomba?"

"Mjomba ni wangu, Bibi. Na godoro."

Akalishika pindo la kanga yake, akayatazama yale maneno kama vile yameandikwa upya. "Kwa hiyo nimewavisha watu wazima kumi na tisa maneno yako wewe. Mtoto wa Lindi." Akainuka, akaingia chumbani, pazia likaanguka nyuma yake.

Mama lishe alianza kufunika sufuria. Kaka wa mabegi alifungua kanga moja kati ya zile mbili, akabaki na moja, kama mtu aliyepunguza msiba. Mimi nilikuwa nafikiria nani atambebea Bibi mkoba akienda kliniki ya macho. Nilikuwa nimeshamtafutia kichwani mwangu na msichana mwingine, mzuri, asiye na maneno, na nimeshaanza kumwonea wivu, pazia lilipofunguka.

Bibi alikuwa na kikombe chake cha kahawa. Akaketi kwenye kiti chake, akakiweka gotini vilevile kama dukani.

"Pilau ya harusi hailiwi bila harusi," akasema. "Anza."

"Nianzie wapi, Bibi?"

"Kwenye maji. Na mikono iweke juu niione. Leo usijifanye umeshika kitabu."

Nikasimama mbele ya televisheni iliyozimwa, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, nikasimulia. Mwanzo sauti ilikatikakatika. Kisha nesi akasema mbona umechelewa hivi, na mama lishe akasema, "Mwambie huyo," na nikapata nguvu. Tatizo ni kwamba kumbe ukisimulia bila kitabu kila mtu anakuwa mwandishi. Walitaka bibi harusi aje na Noah. Kaka wa mabegi alitaka zawadi ziwe na begi la magurudumu. Mmoja aliomba yule mlinzi wa geti naye aalikwe, kachoka sana. Kuhusu gari ilibidi Bibi aamue, akasema bajaji, na isijadiliwe tena. Mjomba alipotumbukia mtaroni walipiga vigelegele, na maneno yake tuliyasema wote pamoja, tukiyasoma kwenye miili yetu. Ndipo pilau ikafunuliwa.

Msidhani kwamba nilisamehewa. Wiki nzima Bibi hakuniita mwanangu. Aliniita Mwandishi. "Mwandishi, mshushie mteja doti mbili." "Mwandishi, fagia hapo." Nikimsomea jina la kanga ananyoosha mkono, anaichukua, anaisoma mwenyewe mpaka mwisho, ndipo anaitika. Hilo liliniuma kuliko angenipiga. Nikakitoa kile kitabu kwenye vitenge nikamwekea juu ya kaunta, na daftari langu juu yake. Kesho yake daftari halikuwepo.

Kaka wa mabegi ndiye aliyekwenda mpaka Posta kwa wale wanaotandaza vitabu chini, akapata nakala nzima, kurasa zote zimo, hata harufu ya karanga haina. Bibi aliipokea, akajifungia nayo nyuma ya kaunta. Nilimwona anasoma zile kurasa za mwisho kwa midomo, polepole, kidole kinatembea. Ilimchukua mchana wote. Mimi niliuza kanga na macho yangu yako kwake, nikampa mteja mmoja chenji mara mbili. Hatimaye akafunga kitabu, akavua miwani.

"Ehe, Bibi?" nikauliza. "Kinaishaje?"

"Mwandishi wake amejitahidi," akasema. "Lakini yule mjomba hakumjua."

Zaidi ya hapo hakuniambia, na kitabu akakitia kwenye droo, akafunga na ufunguo. Nilimwomba. Nikambembeleza na halua. Akasema na mimi nitasubiri, kama alivyosubiri yeye, na nitasomewa.

Kwa hiyo sasa ikifika saa nane, jua likiwa mlangoni, ninayekaa kwenye kigoda ni mimi, na Bibi ndiye anayesoma. Kanga zenyewe ziliisha, tumeagiza robota la pili. Juzi nimemwona mama mmoja kule Ilala amemfunika mtoto mgongoni na maneno yangu, nikamfuata hatua kadhaa kama mwehu. Na Bibi ameanza tena kuniita mwanangu, ingawa nikikosea kitu huwa ananiita Mwandishi na kucheka peke yake.

Ila kuna kitu kinanitia wasiwasi. Zile kurasa ni chache, na tuko wiki ya tatu. Jana kwenye harusi, maana kumbe harusi ipo, alitokea msichana mmoja mfupi kutoka Lindi, mwenye mdomo mrefu, akapangiwa kuosha masufuria yote ya ukumbi. Bibi alilisoma hilo kwa utulivu kabisa, akalamba kidole, akafunua ukurasa.

Nikanyoosha shingo nichungulie. Akakigeuza kitabu upande wa ukutani.

"Tega sikio," akasema. "Shingo ya nini?"